Pikipiki ya maji iliyokataa kuzimika

Nimetengeneza pikipiki Mudzipela, mtaa wa Bunia, tangu ujana wangu, na sijamchukia mteja kama nilivyomchukia yule aliyeniletea pikipiki ya maji. Bunia haina ziwa. Ziwa liko chini, Kasenyi, na huko ndiko alikoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Ilikuwa imelala miaka bila kuguswa. Akaileta juu ya remorke, tela la kuvutwa na gari, akaiacha uani kwangu, akasema anataka kuitembeza siku ya Pasaka mbele ya wageni wake.

Nilifungua karbiratere, pale petroli inapochanganyika na hewa, nikaisafisha. Nikakuta ile karatasi ngumu inayoziba kati ya karbiratere na injini imepasuka, nikaagiza nyingine Kampala. Nilimweleza kama unavyomweleza mtoto: hapo hewa inaingia kwa wizi. Injini ikipata hewa nyingi na esanse kidogo, inachemka. Ikichemka sana inaweza kukimbia yenyewe, hata ukikata umeme wake. Tena mashini hii imezoea kusukuma maji. Kwenye nchi kavu hakuna kitu cha kuizuia.

"Patroni, tungoje ile karatasi," nikasema.

"Weye unaogopa kila kitu. Nataka kusikia sauti yake tu."

Alikuja Jumamosi asubuhi na marafiki wawili, viatu vinang'aa. Nilikataa. Akarudia, nikakataa tena. Kisha mmoja wa wale marafiki akacheka, akauliza kama kweli mimi ni mekanisiye. Nikaona haya. Nikaunganisha tiyo, ule mpira wa maji ya kupozea injini, nikawasha.

Patroni alikuwa amekwisha kukaa juu yake. Nilimwambia asiguse gazi, ile ya kuongeza mwendo. Akaivuta mpaka mwisho.

"Sikia ile nguvu!" akapiga kelele.

Alipoachia, sauti haikushuka. Ilipanda. Niliona uso wake ukibadilika. Akachomoa ile kamba ya usalama ambayo ukiitoa injini lazima izimike, na injini haikuzimika. Ikalia kama msumeno unaokata bati, remorke ikaanza kutetemeka, moshi ukajaa uani.

"Zima!" akanililia mimi, kamba iko mkononi mwake mwenyewe. Kisha akaruka chini na kukimbilia barabarani pamoja na marafiki zake.

Kufunga esanse kungechelewa, kwa sababu iliyobaki ndani ingetosha kuipasua. Dawa ni kuinyima pumzi. Nilivua koti langu la kazi, nikalichovya kwenye ndoo, nikalisukuma kwenye mdomo wa hewa na kulikandamiza kwa mikono yote miwili. Injini ikalivuta kwa nguvu. Nilihisi chuma kinaniunguza kiganja, sikuachia. Ikakohoa mara tatu, pa, pa, pa, ikafa.

Ndipo nikasikia mtaa.

Miaka ile watu walisema amani imerudi, lakini wengi walikuwa bado hawajafungua mizigo yao. Nyuma ya ua wangu aliishi mama mmoja aliyekimbia vita vya Djugu na watoto wawili. Ile milio mitatu watu hawakuuliza ni ya nini. Wauza mihogo waliacha mihogo, wenye pikipiki waligeuza pikipiki zao. Mama yule alimfunga mdogo mgongoni, akamshika mkubwa mkono, akakimbia nao. Kwenye msongamano ule mkono wa yule mkubwa ukamponyoka.

Nilimkuta mama karibu na soko, hana kiatu kimoja.

"Mutoto yangu! Muliona mutoto yangu?"

"Mama, si risasi. Ni mashini, ni kwangu."

Hakunisikia. Tulimtafuta msichana yule mpaka jua likapita katikati. Mwuza maharage ndiye aliyemwona, amejikunja chini ya meza yake nyuma ya magunia, amekojoa, hataki kutoka. Alikuwa na miaka mitano. Mama yake alilala chini kwenye udongo akamwita kwa sauti ndogo, muda mrefu, mpaka akatoka.

Patroni alirudi Jumatatu. Hakuuliza habari ya mtu yeyote, wala ya kiganja changu.

"Uliniharibishia mashini. Itakuwa tayari lini?"

"Toa kitu yako hapa kwangu."

"Unasema na nani vile?"

"Na weye. Toa, mbele ya mimi kukasirika zaidi."

Alinitukana, akaita gari, wakaivuta. Nilisikia baadaye kwamba fundi mwingine aliiweka sawa na Pasaka iliendelea vizuri huko Kasenyi.

Jioni ya Jumatatu ile nilikwenda kwa mama yule na kilo mbili za mchele. Alikuwa anamsuka binti yake. Aliupokea, akaniwekea kiti.

"Papa, ulijua ile mashini inaweza kufanya vile?"

"Nilijua."

"Sasa juu ya nini uliiwasha?"

Nilikuwa na majibu mengi juu ya patroni. Nilifungua mdomo, nikaona yote yanamhusu patroni, na mama aliniuliza habari yangu mimi. Nikasema kwamba walinicheka.

Alimalizia mstari wa nywele, akaanza mwingine. Juma lile lile akahamia kwa shemeji yake, upande mwingine wa mji. Aliniambia si kwa sababu yangu. Sikumwamini.