Vidonge vya Chuma Alivyomwaga Dada

Tulipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa karibu na Puge, mimi na dada yangu tuliugua ugonjwa mmoja. Moyo ulikuwa unaruka. Unapiga mbiombio, unasita, unapiga tena kama mtu aliyekosa hatua ngomani. Miguu ilivimba, na hamu ya kula udongo wa kichuguu haikutuishia.

Mganga wa zahanati alitufunua kope, akasema damu yetu imepungukiwa chuma, akatupa vidonge. Neno moja hakutuambia, na kwa hilo namtaja wa kwanza kwenye lawama: kwamba ukivimeza, choo kinakuwa cheusi tii.

Kwetu choo cheusi ni sumu hiyo. Shangazi aliyetulea aliposikia chetu kimegeuka alikuja juu.

"Mmelishwa, wanangu! Mwageni!"

Dada alikuwa mtiifu. Alivimwaga chooni, shangazi kamsimamia mlangoni. Mimi nilisema nimeshamwaga, kumbe vyangu nimevifunga kwenye pindo la kanga. Nikaendelea kumeza kwa siri. Si akili, shule yenyewe niliishia darasa la pili. Ni ubishi tu. Dada sikumwambia. Niliogopa atanisemea.

Palizi ya pamba ya shamba la kijiji ikafika, dada akaanguka kwenye tuta. Nikaenda kwa mwenyekiti kuomba barua ya ruhusa, maana bila barua yake hutoki kijijini hata kama unakufa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Hivi mioyo yenu inaijuaje palizi? Mbona siku ya ngoma inatulia?" Wenzake wakacheka. "Arudi shambani. Kupe hatuwataki hapa."

Barua aliitoa siku ya tisa, dada hawezi tena hata kukaa. Tukapanda lori la pamba hadi Tabora.

Daktari alitutoboa vidole sote wawili, akagusisha damu kwenye karatasi nyeupe, akailinganisha na kadi yake ya rangi. Yangu ilikuwa nyekundu, hafifu lakini nyekundu. Ya dada ilikuwa maji yaliyooshewa nyama. Akasikiliza vifua vyetu kwa muda mrefu.

"Mioyo yenu yote miwili haina mwendo mmoja," aliniambia taratibu. "Lakini wako una damu ya kufanyia kazi. Wa mwenzio unakimbia mtupu. Vidonge alikuwa anameza?"

Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Dada alikata roho siku ya tatu, saa za adhuhuri, kiganja chake kikiwa juu ya paja langu. Moyo wangu ulichukua miezi, ukatulia.

Kwenye matanga shangazi akanishika bega. "Mungu kampenda zaidi, mwanangu."

"Shangazi, Mungu usimsingizie," nikasema. "Ni mganga, ni mwenyekiti, ni wewe. Na mimi, niliyekuwa navyo pindoni nikanyamaza."

Wanawake waliokuwa wanachambua mchele wakaacha. Shangazi akavuta ushungi, akageukia ukutani. Tangu siku hiyo mimi na yeye ni shikamoo, marahaba, basi.