Pampu imerudi kabla chungu hakijavunjwa

Jamani, mwizi wa pampu yetu kapatikana, na natamani asingepatikana.

Mnakumbuka nililia humu wiki iliyopita? Pampu ya kumwagilia shamba la mama huku Kikwe iliibwa. Nyanya zinakauka, polisi wananiambia nisubiri.

Jana wazee wa ukoo wakatangaza: isiporudi, wanavunja chungu. Yaani aliyeiba anaapizwa, na uzao wake unateketea mmoja mmoja.

Kaka yangu Elia, mwinjilisti, baba wa watoto watatu, akasimama kufoka: "Huo ni ushirikina! Mwachieni Mungu!"

Nikampigia makofi. Mimi mwenyewe!

Leo asubuhi nafungua mlango, Elia huyo hapo uani, pampu begani, jasho linamtoka.

"Nimeikuta kwenye migomba," akasema.

Migomba ipi, wakati tuliipekua yote?

Mama alimtazama weeee, kisha akasema tu, "Karibu chai, mwanangu."

Mimi hiyo chai niliiacha mezani.

Alipokuwa anaiba alijua Mungu anamwona, na mkono haukutetemeka. Umetetemeka kwa chungu ambacho hata hakijatolewa nje.

Jumapili ndiye anayehubiri. Mngekuwa mimi, mngeenda?