Kikapu Kilichobebwa Mbele

Saa kumi jioni, majani yamekwisha kupimwa. Lazarus Obonyo, karani wa mizani, anajifuta wino vidoleni kwa nyasi. Sasa ni mwalimu. Ndani ya kibanda katika shamba moja la chai karibu na Kericho, vijana kumi na tisa wanamngoja, na gazeti ni moja tu.

Leo kuna mvutano. Gazeti limechapa picha ya shamba jipya upande wa Sotik: nyumba za mawe, wachumaji wanacheka. Mogaka, kijana hodari kuliko wote darasani, amekuja na blanketi lake limefungwa tayari. Kesho anaacha masomo aende huko.

"Imeandikwa, Mwalimu," anasema. "Gazeti inaweza kudanganya watu wote?"

Obonyo habishani naye. Anaichomeka picha ukutani kwa miiba. "Usiniambie inasema nini. Niambie unaona nini."

Kisha Jerusa Gesare, binti wa miaka kumi na saba aliyechuma tangu alfajiri, anasogea karibu.

"Hawa wamebeba kikapu mbele, si mgongoni," anasema. "Ukibeba hivyo utachumaje? Na nguo zao kavu. Nani hutoka kwa chai asubuhi bila kulowa umande?"

Darasa linaangua kicheko. Mwingine anaona kwamba nyumba zote hazina moshi, wala hapana hata kuku mmoja.

"Basi ni uongo," Mogaka ananung'unika.

"Sijui," Obonyo anajibu. "Najua hao si wachumaji. Sasa uliza nani aliwapanga hapo, na anataka nini kwako."

Obonyo analijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1926, kijijini kwao kando ya ziwa, yeye peke yake ndiye aliyejua kusoma. Tangazo la kazi ya chai liliahidi nyumba za mawe, naye akalisoma mbele ya watu. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Yale yaliwatoa wanaume sita, wakamfuata huku Kericho. Walikuta kibanda kimoja cha nyasi na baridi ya kukata mifupa. Rafiki yake Atuti alikufa kwa homa ya mapafu kabla ya mwezi wa tatu.

"Nilisoma vizuri sana," anasema. "Hakuna aliyeniuliza kama nimeiona hiyo nyumba. Hata mimi sikujiuliza. Mzigo huo ni wangu, siutui."

Mogaka anafungua blanketi lake, analikalia. Jumapili atatembea hadi Sotik ajionee, kisha arudi awaeleze wenzake.

Obonyo anataka kila kambi ya wachumaji iwe na kijana wa kuwasomea wazee gazeti, na mwingine wa kumhoji huyo msomaji. "Tutafika," anasema, bila wasiwasi.

Jerusa anamgeukia mwandishi wa habari hii, mgeni aliyekuwa akisikiliza kando. "Na wewe unayeandika kambi yetu, umelala nyumba gani?"

Mwandishi anakiri kwamba amepewa kitanda kwa karani mkuu, kwenye nyumba ya mabati.

"Basi bado hujaandika," anasema Jerusa, na Obonyo anamsogezea mgeni mkeka wa kulalia.