Pengo Kwenye Michongoma

Baba yangu alikuwa na watoto wanne na ua mmoja wa michongoma, na kipenzi chake hakikuwa miongoni mwetu. Sisi tulinyolewa tulipokumbukwa. Michongoma ilinyolewa kila Jumamosi, kwa kamba iliyovutwa kutoka kona hadi kona, na ole wake tawi lililojitokeza. Waliosema kuupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, hawakuwahi kumshikia baba ile kamba.

Ua wenyewe ulikuwa mzuri, niseme ukweli. Ulikuwa kijani masika na kiangazi, na miiba yake iliwatosha wezi na mbuzi wote wa Kawe. Ila upande wa jirani palikuwa na pengo la upana wa mtu, na pengo hilo lilimnyima baba usingizi. Kila masika alipanda miche, akaitilia samadi, akaibembeleza. Kila mara ilinyauka. Mwishowe akatoa hukumu: ni chumvi ya bahari, inaletwa na upepo, na inapita hapo tu. Bahari yote ile, ikachagua miche yake. Wageni walielezwa hivyo na, kwa heshima, waliitikia.

Chumvi ilikuwa ya mama. Jirani yetu, mwanamke wa Kizaramo, alimfundisha mama, mtu wa bara, kula ng'onda, wale samaki wa chumvi waliokaushwa juani, na pia kumsengenya mume kwa sauti ya chini. Mama aliwaloweka usiku. Asubuhi, baba akishaenda kazini, maji yale aliyamwaga kwenye miche. Pengo lilikuwa njia yake ya kwenda kwa shoga yake. Kwa barabarani ilibidi avae vizuri na kuzunguka hadi msikitini, umbea ukapoa. Kwa pengoni alifika na kanga moja, pekupeku. Watoto wote tulijua. Baba hakuwa akisogelea jikoni kwa sababu ya harufu ya ng'onda, hivyo siri yetu ikanenepa.

Mama alifariki mwaka juzi. Jirani alikaa nasi msiba wote, akapika, akatukaripia tuliokataa kula. Masika yaliyofuata baba hakupanda kitu, lakini michongoma haingoji ruhusa. Mbegu zilizodondoka zikaota pengoni, matawi ya pande mbili yakaanza kushikana. Jirani, magoti yamemchoka, akawa anazungukia barabarani, halafu akaja mara mojamoja, halafu akawa anatuma salamu. Niliumia sana. Kicheko cha mama kilikuwa kimebaki kwa mtu mmoja tu, na sasa tunamfungia nje kwa miiba. Nilitaka kumwomba baba alikate lile pengo, nikashindwa. Ningeanzaje bila kumchongea mama kaburini?

Jumamosi moja nilikwenda kumsalimia baba, harufu ya ng'onda ikanipokea kabla yake. Alikuwa amechuchumaa pengoni na bakuli la mama, pua ameikunja, akimimina maji taratibu kwenye miche iliyojiotea. Matawi ya pembeni alikuwa ameshayakata. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kugeuka.

"Upepo wa bahari siku hizi umelegea," akasema. "Lazima mtu ausaidie."

Kisha akanikabidhi samaki wenyewe, nimpelekee jirani. Nikapita hapohapo, na mwiba mmoja aliousahau ukanichana shati.