Mashine ya Watu Niliyoikalia

Nakumbuka asubuhi moja pale Dar es Salaam, mwanangu, mtani wangu Mzee Kibwana alisimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta akasema, "Wewe Mnyamwezi, babu zako walikuja pwani na mizigo ya watu wakaifikisha. Wewe umeikalia!" Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Ee, nilicheka! Hata leo nikikumbuka kicheko kile, uso unaniwaka.

Ngoja nikueleze. Miaka ile ya Ujamaa tulikuwa na kompyuta moja kubwa, imejaa chumba kizima, na idara kadhaa zikiitumia pamoja. Ndani tuliigawa sehemu sehemu. Kila idara ilijiona ina mashine yake, kumbe ubongo ni mmoja, unaruka huku na huku kuzigawia muda. Mgawaji nilikuwa mimi. Utaratibu ulikuwa mzuri tu: idara isipokuwa na kazi, fungu lake waazimwe wengine, mwenyewe akirudi, apewe chake mara moja.

Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi msichana wa Goweko, huko bara kwenye reli ya kati, nimetoka juzi masomoni, mkuu wa idara yangu ya takwimu ananiita mwanamke wa shoka, kichwa kikavimba. Alipotaka ripoti ya vijiji vipya ya kuwaonyesha wageni wake, niliipa idara yetu nafasi ya kwanza bila kikomo. Fungu tuliloazima kwa watu wa uchukuzi sikulirudisha.

Mzee Kibwana ndiye aliyekuwa mtu wa uchukuzi. Mvua ilikuwa imekataa bara, naye alikuwa akipanga mabehewa ya kupeleka unga kwa reli ya kati. Mpango wake uliingia kwenye mashine ukakwama. Akaja kuniambia, na mimi nikadhani utani, maana yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, watani tangu enzi za misafara. Hatukuwa na salamu isiyo na mzaha. Alirudi tena, safari hii hatabasamu. "Mtani, watu watalala njaa." Nikamjibu, "Si muwapelekee nazi zenu!" Masikini, mzee wa watu aliniangalia tu. Alikwenda kwa mkuu wangu, akaambiwa wageni kwanza. Mtani akiacha kukujibu, mwanangu, shtuka. Mimi sikushtuka. Mpango wake ulitoka ripoti yetu ilipokwisha, na siku nyingi zilikuwa zimepita.

Nikapata likizo, nikapanda treni kwenda nyumbani. Mama alinipokea akiwa mifupa mitupu. Unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ulikuwa haujafika, watu wanakunywa mlenda mtupu. Jirani mmoja aliyekuja kunisalimu akanung'unika, "Wanasema kompyuta ya huko Dar ndiyo imechelewesha mabehewa."

Mama akamkatiza. "Koma! Mwanangu ndiye yuko kwenye hiyo kompyuta. Angeacha mimi nife njaa?"

Kisha akanisogezea bakuli lake, eti mimi mgeni nimechoka na safari. Nikala, mwanangu. Nilikula huku nikiona aibu hata kumtazama machoni. Sikumwambia siku ile, wala baadaye. Mpaka anaingia kaburini alikuwa akijisifu kwa majirani kwamba bintiye hawezi kumdhulumu mtu.

Kwa Mzee Kibwana nilikwenda, nikapiga magoti. Alisema, "Mimi sina neno, mtani. Mwenye neno ni yule ambaye hakuweza kuja mlangoni kwako."

Sasa na wewe umeajiriwa kugawa nguvu za kompyuta za watu. Unaniambia siku hizi mashine zinajigawia zenyewe. Sawa, lakini anayeziambia nani awe wa kwanza ni wewe. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na anayesubiri upande wa pili wa mashine humwoni kabisa. Basi uliza: kazi hii iliyokwama ni ya nani, na anasubiri nini? Ulichoazima kirudishe kabla mwenyewe hajakuja kukililia. Wakubwa wakikusifu, kunywa maji, rudi kazini. Na mtu akikulalamikia huku anacheka, acha ulichoshika umsikilize.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono usioonea na sikio jepesi, na sifa atakazokumwagia mama yako ziwe za kweli.