Nyasi Nilizolaza Mbele ya Kiota

Jumanne, tarehe saba Aprili. Mvua ilianza saa kumi alfajiri ikakatika karibu saa moja, lakini mawingu hayakuondoka juu ya ziwa na upepo ulikuwa wa baridi.

Siku hii naiandika kwa kirefu kwa sababu kuna kosa langu ndani yake, na sijui ni kubwa kiasi gani. Shule niliachia darasa la saba. Mtu aliyesoma zaidi labda angeona mahali ambapo mimi sioni. Nitajaribu tu kumweka kila mtu mahali pake.

Mama, yaani mke wangu, yuko kitandani tangu Januari. Alikuwa ametoka kukata matete ya mikeka, akateleza kwenye ukingo wa bwawa na mzigo kichwani, nyonga ikavunjika. Hospitali walisema lazima apasuliwe, lakini damu yake iko chini sana. Daktari hakusema vibaya. Alituonyesha karatasi, akarudia maneno yake mara mbili ili nielewe: arudi nyumbani, ale omena, wale dagaa wa ziwani, ale mboga na maharagwe, damu ipande, ndipo watengeneze mfupa. Tumeshaenda mara mbili kupimwa tukarudishwa. Mara ya tatu ni Ijumaa ya wiki hii. Kila tukirudishwa, mfupa unazidi kushika vibaya, na daktari alisema, tena kwa upole, kwamba utafika wakati ambapo hata wakipasua hatatembea.

Shida ni kwamba Mama alikuwa hali chakula. Aligeukia ukuta akakaa hivyo. Nikimletea sahani ananiambia, "Nile nikaende wapi?" Mtu ambaye kwa miaka thelathini ameamka kabla ya jua kwenda kwenye maji, utamwambia nini?

Mwezi wa tatu mvua zilipoanza niliteremka bwawani kutazama maji yamepanda kiasi gani. Si mbali, ni dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu, kabla hujafika barabara ya Mamboleo. Nilikuwa na simu ambayo binti yetu alituachia, ile yenye ufa kwenye kioo. Nikapiga picha ya yangeyange mmoja amesimama juu ya mgongo wa ng'ombe. Sikuwa na nia yoyote. Nilimwonyesha Mama ili ageuke tu.

Aligeuka. "Hii si ni ndege ya ng'ombe?" akasema. "Umetembea mpaka huko kuniletea ndege ya ng'ombe? Hata ng'ombe mwenyewe ameichoka."

Nilicheka. Nikampa uji, akanywa nusu kikombe huku bado ananisema.

Basi ikawa hivyo kila siku. Asubuhi naingia matopeni, simu nimeifunga kwenye karatasi ya nailoni ya mkate isilowe, na nikirudi tunaangalia picha, halafu anakula. Hakuna picha, hakuna kijiko. Mimi sijui kupiga picha. Nyingi zilikuwa mkia tu, au maji mahali ambapo ndege alikuwa. Lakini Mama alinituma kama mtu anayemtuma mwenzake dukani. "Enda pale mti ulipoanguka, utampata mdiria, anakaa juu ya tawi lililokauka." Naenda, nampata. Miaka yote nimeishi karibu na lile bwawa na sikuwa nimeliona. Nilikuwa fundi wa baiskeli, kazi yangu ilikuwa kuangalia chini. Mama alilijua bwawa mpaka ndani, na sasa alikuwa analitembea kwa miguu yangu.

Siku moja aliniuliza maji yamefika wapi upande wa mashariki. Nikamwambia, magotini. "Basi wale ndege wenye taji wamejenga," akasema. "Tafuta."

Nilitafuta siku tatu. Niliwaona kwanza wakiwa wamesimama wawili, warefu, taji za manjano zimesimama kichwani kama ufagio mpya. Halafu nikaona mmoja anapotelea ndani ya nyasi za maji na hatoki. Nilimfuata pole pole. Kiota kilikuwa rundo la nyasi zilizolazwa juu ya maji, na juu yake mayai matatu, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Nilipiga picha kwa mbali, nikakimbia nyumbani kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Mama alishika simu karibu na pua. "Naona nyasi," akasema. "Nyasi nimeziona miaka thelathini. Ndege iko wapi?"

"Iko nyuma ya nyasi."

"Basi si uzilaze kidogo? Ama unaogopa zitakupiga?"

Kesho yake nilizilaza. Nilikanyaga nyasi za mbele ya kiota, kama hatua nne, nikazikanyaga tena zisiinuke. Picha ikatoka safi: ndege amelala juu ya mayai, jicho lake limenitazama, ile ngozi nyekundu chini ya kidevu inaonekana kabisa. Mama alikula sahani nzima ya ugali na omena. Sahani nzima, kwa mara ya kwanza tangu Januari. Baada ya hapo nilienda kila asubuhi, nikipita mahali pale pale, na siku ya nne au ya tano niliona kwamba njia imekaa, nyasi hazirudi tena. Kwa kweli nilifurahi. Nilijiambia, vizuri, sasa viatu havitalowa sana.

Mama alihesabu siku kwa vidole. Alisema vifaranga watatoka karibu na Ijumaa ya kliniki. "Nitaenda kwa daktari nikiwa nimewaona," akasema. "Wakinitoboa kidole watapata damu ya kutosha mpaka washangae."

Sasa leo.

Niliteremka mvua ilipokatika. Kwenye mdomo wa njia yangu kulikuwa na mavi ya ng'ombe, mabichi. Nilisimama. Nadhani nilijua hapo hapo, lakini niliendelea kutembea. Kiota kilikuwa kimekanyagwa, kimezama upande mmoja, na alama za kwato zimejaa maji pande zote. Ganda moja lilikuwa limevunjika, utando bado umeshika. Mayai mengine mawili sikuyaona. Nilipapasa majini mpaka kwenye viwiko. Nilipapasa muda mrefu. Wale ndege wawili walikuwa wamesimama mbali, kwenye uwanja wa wazi wa malisho, na mmoja aliita, ile sauti yao kama mtu anapuliza ndani ya mtungi.

Mtu wa kukata nyasi alikuwa pale karibu, baiskeli yake ameiegemeza. Namfahamu. Hukata majani akayapeleka Milimani kwa watu wanaofuga ng'ombe wa maziwa ndani ya boma. Ni mtu mwema. Mama alipoanguka, yeye ndiye aliyemtoa majini.

"Mzee, umeamka na mvua," akasema.

"Nani ameingiza ng'ombe huku?"

"Hakuna aliyewaingiza. Jana jioni nilikuja kukata, wakanifuata nyuma. Unajua ng'ombe akiona mtu anaingia mahali, yeye naye anafikiri kuna harusi."

"Na wewe uliingiaje?"

"Si kuna njia?" Alinyoosha panga kuonyesha. "Miaka yote huku ndani kumefungwa. Juzi nikaona kumefunguliwa, nikasema asante Mungu. Hizi ndizo nyasi nzuri kuliko zote."

"Hukuona kiota?"

"Niliona ndege wawili wakubwa wanapiga kelele. Nikajua ni maneno ya bibi na bwana, nikawaachia nyumba yao."

Nikamwambia, "Hiyo njia ni mimi niliifungua."

Akacheka, akanipiga begani. "Kumbe ni wewe! Basi wewe ndiye nilikuwa nakushukuru."

Sikumwambia zaidi. Hakukosa. Aliona njia akapita, na ng'ombe waliona mtu wakapita. Na lazima niseme pia yale yaliyo upande wangu: maji yalikuwa yamepanda mpaka karibu na ukingo wa kiota, na kwa mvua ya leo pengine yangekichukua tu. Pengine pia kenge alishakula yale mayai mawili kabla ng'ombe hawajafika. Sijui. Naandika hayo kwa sababu yanaweza kuwa kweli, lakini nimeyapima tangu asubuhi na hayapunguzi kitu. Kenge pia angeweza kupita njia yangu.

Mkono ulikuwa umezoea. Nilipiga picha ya kile kiota bila kufikiri. Halafu sikurudi nyumbani. Nilitembea mpaka Mamboleo nikakaa chini ya paa la mwanamke anayeuza nyanya, magari yananirushia maji. Nilikuwa nahesabu: leo Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Siku tatu za kula. Kama angekula hizo siku tatu tu.

"Baba, unangoja gari?" yule mama akaniuliza.

"Hapana."

"Basi unangoja nini, na hujanunua hata nyanya moja?"

Nikaondoka.

Nimesema nitakuwa mkweli, basi niandike: njiani niliamua kudanganya. Simu ilikuwa na picha ya jana, ndege amelala vizuri juu ya mayai. Nilijiambia, nitamwonyesha hiyo leo, kesho nyingine ya juzi, mpaka Ijumaa ipite. Nilijiambia ni dawa tu.

Mama alikuwa macho. "Umechelewa. Leo ni wao walikupiga picha?"

Nikampa simu. Aliangalia muda mrefu kuliko kawaida.

"Baba," akasema, "mvua si imenyesha tangu alfajiri?"

"Imenyesha."

"Mbona mgongo wa huyu ndege umekauka hivi?"

Akasogeza picha kwa kidole mwenyewe, akaifikia ile ya leo. Akaivuta iwe kubwa. Alitazama kwato, alitazama ganda, alitazama zile nyasi zilizolala kutoka kiotani mpaka mwisho wa picha, zimenyooka kama barabara ya serikali.

Nikamweleza yote, ng'ombe na mtu wa nyasi na mguu wangu. Nikamwambia nilidhani nafanya vizuri.

"Wewe hukujua," akasema. "Wakati wa mayai, sisi wakata matete haturudi mahali tulipopita jana. Leo unaingilia huku, kesho unaingilia kule, na unapita penye maji marefu, ili nyasi zisilale. Mama yangu alinichapa kwa sababu ya hiyo. Kila mtu wa matete anaijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nataka kuona." Alizima simu akaiweka juu ya blanketi. "Kila siku nilikuwa naona njia inapanuka kwenye picha. Niliiona vizuri kuliko wewe. Nikasema kesho nitamwambia, wacha nione tu leo. Usijibebee peke yako."

Nikamwambia, Mama, Ijumaa. Nikamwambia bado kuna ndege wengine, kuna mdiria, kuna wale wa manjano wanaofuma viota juu ya matete, wale hakuna ng'ombe anayewafikia. Nitapita kwa maji marefu, kila siku mahali tofauti, atanielekeza. Nilikuwa naongea haraka kama mtu anayeuza kitu.

"Pumzika kwanza," akasema. "Umelowa." Akageukia ukuta.

Najiuliza kama ningedanganya kwa akili zaidi, kama ningechagua picha ya siku ya mvua, angekuwa amekula. Picha kama hizo zilikuwepo, mbili. Sikuzikumbuka. Pia najiuliza kama kumtaka ale kwa uongo kungekuwa sawa, na jibu langu ni kwamba leo ningekubali.

Jioni niliwasha jiko mapema. Nilipika ugali na omena, na mama jirani alileta osuga, yaani mboga ya mnavu, iliyopikwa na maziwa, kwa sababu hajasikia habari na alijua Mama anaipenda. Nilimwinua kwa mito. Alinywa chai ya rangi nusu kikombe. Alikula kijiko kimoja cha osuga, akakishikilia mdomoni muda mrefu kabla ya kumeza, akasema, "Siko na hasira na wewe. Chakula ndicho hakipiti." Akanisukumia sahani yake. Nilikula ugali wangu na omena, halafu nikala na wake.