Mageuzi Niliyoitiwa Mishomoroni

Msomaji, usinicheke kabla sijamaliza. Mimi huandika safu ya gazeti kuhusu mageuzi, yaani jinsi viumbe walivyobadilika tangu zama za kale, na wasomaji hawaniamini hata kwa dawa. Nimechoka kutukanwa. "Babu yako ndiye nyani," mmoja aliniandikia, "wangu alikuwa Mdigo." Basi Bi Mwanaisha, jirani yangu hapa Mishomoroni, aliponiambia, "Mwandishi, kesho njoo utuzungumzie mageuzi," nusura nilie kwa furaha. Hata mie nisiyetoka nyumbani nikapiga shati pasi.

Ukumbi ulijaa. Nikaanza, "Mageuzi hayaji kwa siku moja." Wakapiga makofi. "Kiungo kisicho na kazi hupungua, hupungua, mpaka kikatoweka." Wakapiga vigelegele. Wallahi, sijawahi kuaminiwa vile! Nikapanda mori. "Sisi tulikuwa na mkia! Ulipokosa kazi, leo uko wapi?"

"Huo hapo, umekaa mbele!" mama mmoja akadakia, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mbele alikaa Mzee Chengo, mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa. Nikamwinamia Bi Mwanaisha. "Wanacheka nini?"

"Si ni mageuzi ya kamati, wee! Mwezi mzima mifereji haitoi tone. Kwani ulidhani tumekuitia nini?"

Mzee Chengo, ambaye ndiye hutufungulia maji, akainuka polepole, akanitazama.

"Mwandishi," akasema, "mkia ni mimi?"